Katiba Iliyofungiwa Ugoro

Nareyu alikutana na Katiba ya nchi yake akiwa na miaka sitini na ushee, na Katiba yenyewe ilikuwa imebeba ugoro.

Hakuwa ameitafuta. Siku hiyo alitumwa na pua. Ugoro ulimwishia tangu asubuhi, na Nareyu bila ugoro ni mtu wa kukaa naye mbali. Alishagombana na mbuzi wanne kabla ya chai, na mbuzi ndio waliosalimu amri. Akajifunga shuka, akashuka mteremko katikati ya ukungu mpaka dukani kwa Boazi.

Duka la Boazi ndilo pekee pale Endepesi, kijiji cha wafugaji kilichojibanza juu huko nyuma ya Nainokanoka, mahali ambapo ng'ombe ni wengi kuliko watu na fisi ni wengi kuliko magari. Boazi mwenyewe ni Mwiraqw wa Ganako. Alipanda huku na magunia mawili ya sukari akisema anakaa mwezi mmoja tu. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na bado anasema anashuka mwezi ujao.

“Takwenya, koko,” Boazi alimsalimu, akimwita bibi. Kimaasai chake kinaanzia kwenye salamu na kuishia kwenye bei.

“Iko,” Nareyu aliitikia. “Nipe ugoro. Na kidole chako kitoe kwenye kijiko, nakiona.”

Boazi akachota, akachana karatasi kwenye kijitabu kilichotundikwa msumarini, akaikunja, akampa. Nareyu akarudi zake nyumbani, akaketi mlangoni, akaihudumia pua yake, akapiga chafya tatu za kuridhika, halafu akaikunjua ile karatasi na kuisoma.

Kusoma ndio ulevi wake wa pili. Alijifunza ukubwani, mwinjilisti alipoanzisha darasa la watu wazima kanisani. Walianza kumi na saba, wakamaliza wawili: yeye na mwinjilisti. Tangu hapo hakuna herufi iliyopita Endepesi salama. Anasoma makopo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, anasoma migongo ya fulana za mitumba, anasoma tarehe kwenye biskuti za Boazi na kuzitangaza kwa sauti duka likiwa limejaa wateja. Mumewe, mzee Sitonik, alishaapa kwamba akifa asiandikiwe kitu chochote kaburini, maana Nareyu atakuja kila siku kutafuta makosa.

Karatasi ile ilinuka tumbaku na maneno ya wakubwa. Ibara ya kumi na moja. Nareyu aliisoma taratibu, kidole kikitangulia na macho yakifuata. Ilisema kwamba mamlaka ya nchi itaweka utaratibu unaofaa ili mtu apate haki ya kufanya kazi, haki ya elimu, na haki ya ustawi wa jamii wakati wa uzee, wakati wa maradhi, wakati wa ulemavu, na katika hali nyingine za mtu kuwa hajiwezi.

Akairudia. Akavuta ugoro tena, akairudia tena.

“Nailantei!” aliita. “Njoo usikie. Tumo kwenye kitabu!”

Nailantei, mke wa mwanawe Supeet, alitoka ndani ameshika kiuno, tumbo limemtangulia. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Na kwa sababu ya tumbo hilo Nareyu alikuwa halali vizuri, wala si kwa sababu ya ugoro.

Mwaka juzi Nailantei alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, na Endepesi haikuwa na zahanati. Wakampandisha kwenye lori lililoleta mahindi, linarudi Karatu likiwa tupu. Mtoto akazaliwa njiani juu ya magunia matupu. Alikuja na vidole vyote, na kucha, na nywele; alichoacha kuja nacho ni sauti. Nareyu alimshika ndani ya shuka lake mpaka Karatu, kwa sababu dereva hakujua la kufanya ila kuendesha, na yeye hakujua la kufanya ila kushika.

Baada ya hapo kijiji kilijenga. Wanaume walibeba mawe, wanawake wakabeba maji, mchanga na lawama za wanaume waliobeba mawe. Serikali ikaleta bati. Na kilicho bora kuliko bati, ikamleta Janeth, muuguzi mkunga, binti wa Karatu, mfupi, mkali, asiyeogopa mtu wala fisi. Kwa mwaka mmoja na zaidi watoto kumi na wanne walipokelewa na mikono yake, na wote kumi na wanne walilia. Kisha ikaja barua: Janeth anahitajika kwingine kwa muda. Wiki mbili tu. Sasa ilikuwa miezi mitano, na kufuli la mlango wa zahanati lilikuwa limeanza kuota kutu.

“Kitabu kinasema Janeth anarudi?” Nailantei aliuliza.

“Kinasema wakati wa maradhi tuna haki.”

“Mimi siumwi, yeyo,” Nailantei alimjibu mama mkwe wake.

“Kinasema pia hali ya mtu kuwa hajiwezi.”

Nailantei akalitazama tumbo lake, akajaribu kuinama kuokota kibuyu, akashindwa. “Hapo nimo,” alisema. Halafu, bila kicheko: “Lori sipandi tena. Nitazalia hapa hapa, hata kama ni mimi na mbuzi.”

Nareyu akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akashuka tena dukani.

“Boazi! Hiki kitabu umekipata wapi?”

“Semina, koko. Walikuja watu na gari, wakagawa soda na vitabu. Soda zikaisha. Vitabu wakaniachia boksi zima.”

“Nawe ukakaa hapa ukawauzia watu nchi yao kwa kijiko?”

“Ninachouza ni ugoro. Nchi nawapa bure.” Boazi akajitetea zaidi: “Ni karatasi nzuri, koko. Haivuji.”

“Boksi liko wapi?”

“Limekwisha. Hicho cha msumarini ndicho cha mwisho.”

Nareyu akakichomoa. Kilikuwa kimechanwa kuanzia mbele, kwa hiyo kilianzia ibara ya kumi na mbili. Kurasa zote za kabla ya hapo zilikwisha kwenda na ugoro. Hakujali. Ya kumi na moja alikuwa nayo kifuani, na kilichobaki alikisoma siku tatu mfululizo, akisahau hata kugombana. Alipofika ibara ya kumi na nne, isemayo kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, alimsomea Sitonik. Sitonik akasema ni maneno mazuri, akauliza maziwa yako wapi.

Hivyo ndivyo Nareyu alivyoisoma Katiba, kuanzia katikati kwenda mwisho. Na wiki iliyofuata, akiwa na ukurasa mmoja kifuani na uhakika wa mtu aliyekwisha kushinda kesi, alipewa lifti na Piusi, dereva wa watalii kutoka Karatu anayemchukulia shanga zake za kuuza, mpaka kwenye ofisi ya afya iliyoko chini barabarani, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu.

Afisa aliyemkuta aliitwa Dominic, kijana wa Dodoma, mpole, mwenye miwani na meza iliyolemewa na mafaili. Alisimama akamwamkia, akamkaribisha kiti. Nareyu akakunjua karatasi yake mezani. Chembe za ugoro zikamwagika juu ya faili.

“Soma hapo, mwanangu.”

Dominic akasoma. Akapiga chafya. Akatabasamu, na Nareyu hakulipenda lile tabasamu. Lilikuwa la mtu anayemwona mwenzake anakanyaga pasipo na ngazi.

“Bibi, umesoma na ibara ya saba?”

“Ya saba ilikwenda na ugoro.”

Dominic akatoa simu, akatafuta, akamsomea. Ibara ya saba, ibara ndogo ya pili, ilisema kwamba masharti ya sehemu ile, yaani pamoja na ile ya kumi na moja, hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Hakuna mahakama nchini yenye uwezo wa kuamua kama mtu ameyatimiza au hakuyatimiza.

Nareyu alinyamaza. Kwa wanaomfahamu, hilo lingetosha kuitiwa daktari.

“Kwa hiyo,” alisema mwishoni, “walikaa watu wazima, wakaandika ahadi. Halafu, kabla hawajaiandika, wakaandika kwamba isidaiwe.”

“Si hivyo hasa, bibi. Yale ni malengo. Ni mwelekeo wa nchi.”

“Kama Boazi anayeshuka mwezi ujao.”

“Boazi ni nani?”

“Achana naye. Janeth wangu yuko wapi?”

Dominic akajikuna shingo. Alisema watumishi ni wachache, taarifa zinatakiwa juu kila mwezi, na asiyepeleka taarifa hapati dawa. Alisema hata mimba, tukiongea kitaalamu, si maradhi. Hakusema Janeth yuko wapi, lakini Nareyu alimkuta mwenyewe wakati anatoka. Alikuwa chumba cha nyuma, amezungukwa na madaftari mpaka kidevuni, anajaza fomu.

“Koko!” Janeth aliruka akamkumbatia. “Nailantei yukoje? Miguu imevimba? Anakula?”

“Anakungoja. Unaandika nini humu?”

Janeth akaitazama fomu, kisha dirisha, kisha fomu. “Idadi ya wanawake waliojifungua bila mkunga.”

“Andika taratibu,” Nareyu alisema. “Utakuja kumwandika na wa kwangu.”

Janeth alisema ameandika barua tatu kuomba arudishwe. Zote zimo humo humo ofisini, kwenye faili, meza ya pili kutoka kwake.

Nareyu alirudi Endepesi akijiona mdogo. Jioni ile hakusoma kitu. Kesho yake, hata hivyo, akaamka na shaka: maneno ya simu ni ya simu, mtu anaweza kuyaweka apendavyo. Yeye alitaka kuiona ibara ya saba kwa macho yake, kwenye karatasi. Akaanza kuzunguka boma kwa boma akikagua ugoro wa watu. Kwa mjane wa kwanza akakuta jalada. Kwa wa pili akakuta orodha ya yaliyomo, imeloa. Mzee mmoja alikataa kabisa kuonyesha, akadai ya ugoro wake ni siri yake. Nareyu akamwambia siri gani hiyo inayomtiririka puani mbele ya wajukuu, na mzee akaonyesha. Ilikuwa wimbo wa taifa, na haukuhusika.

Aliipata siku ya pili, nyumbani kwake mwenyewe, ndani ya kikopo cha Sitonik.

“Miaka arobaini na mbili ya ndoa,” alisema akimtikisia ile karatasi, “na aliyeificha ni wewe!”

“Niliambiwa ni karatasi!” Sitonik alilia. “Sikujua ina tabia!”

Nareyu akaketi mlangoni na ibara ya saba kwenye goti la kushoto, ya kumi na moja kwenye goti la kulia. Akasoma huku, akasoma kule. Kijana wa Dodoma hakudanganya, yote yalikuwemo. Akasoma mara ya nne, na hapo kidole chake kikagota kwenye neno moja, kama ng'ombe aliyefika mtoni na kugoma kuvuka.

Mahakama yoyote.

Akatafuta mwingine aliyekatazwa. Akageuza nyuma ya karatasi. Hakuna. Aliyekatazwa alikuwa mahakama, peke yake.

“Nailantei,” aliita, na sauti ilikuwa imerudi mahali pake. “Hivi sisi ni mahakama?”

“Sisi? Sisi hata kiti hatuna.”

“Nilidhani hivyo.”

Sasa, wanawake wa Kimaasai wana jambo lao linaloitwa olamal. Ni msafara. Baada ya miaka kadhaa, uzazi unapokuwa na matatizo, wanawake huinuka kwa pamoja, wakajipamba, wakachukua vibuyu na majani mabichi, wakaenda boma kwa boma wakiimba na kuomba mpaka wapate baraka ya uzazi. Hawaombi ruhusa ya waume. Wanachoomba hawanyimwi, mwanamume anayewanyima olamal ajue ameuchezea uzazi wa mke wake, wa mifugo yake na wa jirani zake wote. Hata mbabe hapo hutafuta kitu cha kutoa.

Nareyu alipolitoa wazo kisimani, wanawake walicheka kwanza. Halafu mmoja akaacha kucheka, akauliza wanaondoka lini.

Sitonik alijaribu kusimama na mila. “Olamal ni ya kuomba watoto. Nyie mimba mnazo! Mnaomba nini?”

“Mimba tunazo,” Nareyu alikubali. “Mlango hatuna.”

“Na oloiboni, mganga wa kuwabariki, yuko wapi?”

“Yuko ofisini. Amevaa miwani.”

“Na nani atapika?”

Inasemekana Sitonik na wazee wenzake waliishi siku tatu kwa biskuti za Boazi, na tarehe zake hazikuwa na wa kuzisoma.

Waliondoka wanawake thelathini na mmoja asubuhi na mapema, ukungu ukiwa umeshika magoti yao, shanga zikilia shingoni kama mvua inayojifunza kunyesha. Nailantei alitaka kwenda. Wakamkatalia, akawasindikiza mpaka kwenye zahanati, akasimama pale mbele ya kufuli, mkono tumboni, akawatazama mpaka wakazama bondeni.

Njiani wakapita magari ya watalii. La kwanza lilisimama, vichwa vikachomoza juu ya paa, kamera zikaanza kazi. Dereva alikuwa Piusi.

“Shikamoo, bibi Nareyu! Wageni wanauliza hii ni ngoma ya nini.”

“Waambie tunakwenda kumdai muuguzi.”

Piusi akageuka akawaeleza wageni wake kwa Kiingereza kirefu, na wageni wakapumua kwa furaha, mkono mmoja mmoja kifuani.

“Umewaambia nini?”

“Nimewaambia mnaomba mvua.” Piusi alikuwa na haya kidogo. “Muuguzi hayumo kwenye safari waliyolipia, bibi.”

Walilala kwa ndugu zao bomani, na asubuhi ya pili, saa tatu, walifika. Getini alikuwepo mlinzi, Olais, kijana wa Kimaasai aliyevaa sare ya kampuni juu na makobazi ya tairi chini. Aliwasikia kabla hajawaona. Alipoyaona yale majani mabichi mikononi mwao, akafungua geti lote, mapande mawili, akakaa pembeni ameinamisha kichwa wamguse utosini.

Dominic akatoka mbio. “Olais! Ni nini hiki? Watoe nje!”

“Bosi, mke wangu ana mimba,” Olais alisema kwa upole. “Nikiwatoa hawa, mimi ninarudi wapi?”

“Kwani wanataka nini?”

“Hiyo waulize wao. Ila mimi nakushauri uwape.”

“Na nisipowapa?”

Olais akamsogelea sikioni. “Wanavua nguo, bosi. Wote. Na ukishaona, umelaaniwa.”

Dominic akawatazama wanawake thelathini na mmoja, wengi wa umri wa mama yake, na miwani ikaingia ukungu. Akawakaribisha wakae. Wakakaa kwenye nyasi, kwenye ngazi, kwenye korido, wakaendelea kuimba kwa sauti ya chini, ile ya kubembeleza mtoto asiyetaka kulala. Nareyu peke yake akaenda mbele, na karatasi zake mbili.

“Nimeiona ya saba,” alisema. “Ulisema kweli. Nimekuja kukuomba radhi.”

“Haina neno, bibi.” Dominic akapata nafuu mapema mno.

“Inasema mahakama yoyote isituamulie.”

“Ndiyo.”

“Sisi ni mahakama?”

“Hapana.”

“Wewe ni mahakama?”

“Mimi… hapana.”

“Hapa ni mahakamani?”

“Hapana, bibi, hapa ni ofisi ya afya.”

“Basi ya saba haituhusu, iache ipumzike.” Akaikunja, akairudisha kifuani, akabaki na moja. “Tuzungumze hii. Uliniambia mimba si maradhi. Nimekubali. Soma mbele kidogo.”

Dominic akasoma. Hali nyingine za mtu kuwa hajiwezi.

“Umewahi kumwona mwanamke anayejifungua?”

“Sijawahi.”

“Hajiwezi,” Nareyu alisema. Korido nzima ikaitikia kwa mguno mmoja mzito.

“Bibi, ibara hiyo hiyo inasema pia kila mtu aishi kwa jasho lake.”

“Inasema. Nimeiona.” Sauti yake ikashuka, na wimbo nyuma yake ukashuka nao. “Mkwe wangu alitoa jasho lake lote juu ya lori la mahindi, mwanangu. Nililifuta kwa mkono huu. Mtoto hakuishi.”

Dominic alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kwa kuwa alikuwa kijana mwaminifu, na uaminifu ni ugonjwa unaowapata hata maafisa, akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

“Tangu siku ile ulipokuja nimekuwa nikisoma. Ibara ya kumi na nne, ile ya haki ya kuishi, haimo kwenye sehemu iliyofungiwa mahakama. Kama haki ya kuishi ina mkunga ndani yake, wanasheria wanaweza kubishana mpaka wazeeke. Lakini mlango huo uko wazi.”

“Ninayo,” Nareyu alisema. “Nimeiacha nyumbani, ya akiba. Tukija mara ya tatu hatutakuja na nyimbo.”

Kutoka chumba cha nyuma ikasikika sauti ya kiti kinachosukumwa. Janeth alikuwa mlangoni, begi begani, kalamu bado iko sikioni.

“Wewe nani amekuruhusu?” Dominic aliuliza.

“Hakuna, bosi. Nimejiandaa tu, huenda nikaruhusiwa.”

Dominic akaketi. Alieleza, na safari hii hakuwa anakwepa, kwamba hana mamlaka ya kumhamisha mtumishi moja kwa moja, kuna utaratibu, kuna wakubwa wake. Anachoweza kusaini mwenyewe ni ruhusa ya kwenda kwa muda.

“Muda gani?” Nareyu aliuliza.

“Tuseme wiki mbili.”

“Zilezile wiki mbili mlizomchukulia?”

Dominic akaanza kukataa, akamwona Olais getini anatikisa kichwa taratibu, akaanza kucheka bila kutaka. “Zilezile,” alisema, akaandika, akagonga mhuri.

Baraka haikumpita. Mwanamke mkubwa kuliko wote akamnyunyizia maziwa kutoka kibuyuni, kichwani, shati jeupe, kompyuta na taarifa ya mwezi. Akaambiwa atapata watoto wengi. Akasema hajaoa. Wakamwambia hilo nalo wameliombea.

Nailantei alishikwa na uchungu miezi miwili na nusu baadaye, saa nne asubuhi, wiki mbili za Janeth zikiwa bado hazijaisha na hakuna dalili kwamba zitaisha. Zahanati haikuwa na mengi. Glavu zilikuwa za kuhesabika, taa ilikuwa tochi ya simu, na mzani wa watoto wachanga ulikuwa umeharibika tangu kipindi cha kufuli. Nareyu alikaa nje ukutani, shuka kichwani, na safari hii hakuwa na kitu cha kushika mikononi. Alijaribu kusoma onyo lililobandikwa mlangoni, herufi zikamkimbia.

Kisha ikaja sauti. Nyembamba, yenye hasira, ya mtu aliyeamshwa pasipo sababu ya kuridhisha. Nareyu akajifunika uso kwa shuka, akabaki humo kwa muda.

Alipotoka tena alikuwa Nareyu yule yule. “Boazi! Leta mzani wako wa sukari!”

Boazi akauleta mbio, umepanguswa vizuri, akauweka mezani mbele ya Janeth. Mtoto, msichana, akalazwa kwenye sahani ya mzani akiwa amefungwa kanga, sukari kidogo iliyosalia ikimgandia kisigino kilichochomoza.

“Kilo tatu na robo!” Boazi alitangaza.

“Kidole chako kitoe.”

“Koko, hata leo?”

“Hasa leo.”

Ikawa kilo tatu kamili. Janeth akaandika kwenye kadi ya kliniki, na kwa kuwa hakukuwa na bahasha, Nareyu akatoa ibara ya kumi na moja kifuani akaivisha kadi kama jalada. Ndipo pua ikakumbuka kwamba haijapata kitu tangu alfajiri. Boazi alikuwa na kikopo cha ugoro mfukoni lakini hakuwa na karatasi. Nareyu akaingiza mkono kifuani mara ya pili, akampa ibara ya saba.

“Funga humu. Hii haivuji.”

Akajihudumia hapo hapo, mlangoni pa zahanati, na chafya iliyotoka ilikuwa ya miezi yote ile kwa pamoja. Mtoto akashtuka, akaanza kulia upya, kwa nguvu kuliko mwanzo. Nailantei akanyoosha mkono ambembeleze, kisha akaurudisha mkono wake, akajilaza. Wote mle ndani walisimama wakamsikiliza, na hakuna aliyemnyamazisha.